Printa imekataa baada ya kufunga dishi: tatizo haliko angani

Siku dishi la intaneti ya setilaiti linapofungwa, nyumba nzima huwa na raha. Simu zimeshika, televisheni imeshika, video haikwamikwami. Siku mbili baadaye ndipo tunapigiwa: "Fundi, intaneti iko sawa kabisa, ila printa imekataa. Kompyuta inasema iko nje ya mtandao, na mimi naiona hapa mezani inawaka taa."

Tumepokea simu hiyo mara nyingi mno, tukaona heri tuiandikie maelezo kamili. Anayepiga huwa ana fomu ya kupeleka asubuhi, au ni mwalimu ambaye mtihani wake uko tayari kwenye kompyuta lakini haujafika kwenye karatasi. Ameshazima na kuwasha kila kitu mara tatu. Wengine wamepanda juu kuligeuzageuza dishi, na hilo ndilo linalotutia hofu zaidi, maana mtu anahatarisha mguu wake kwa kitu kisichohusika hata kidogo.

Printa yako haina habari na setilaiti. Inayoijua ni ruta tu, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi nyumbani. Ukibonyeza kuprinti, waraka unatoka kwenye kompyuta au simu, unaingia kwenye ruta, na ruta inaukabidhi kwa printa. Safari imeishia hapo, ndani ya kuta zako. Kampuni za intaneti ya setilaiti hutofautiana: setilaiti za Starlink zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Zile za HughesNet na Viasat zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa anayevinjari au kuongea kwa video tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayeprinti ni sawasawa, kwa sababu waraka haupandi huko. Mvua kubwa ikikata intaneti usiku, printa iliyoungwa vizuri inaendelea kutoa karatasi.

Yapo mambo machache ya printa yanayohitaji intaneti yenyewe: kuisajili mara ya kwanza kwenye programu ya kampuni, huduma za wino wa kulipia kwa mwezi, na kutuma waraka kwa barua pepe ya printa, yaani anwani ambayo kampuni huipa printa ili waraka unaotumwa huko uprintiwe. Hayo yakikwama, ndipo uangalie dishi. Kuprinti kwa kawaida hakumo.

Sasa, kama dishi halihusiki, mbona printa ilikufa siku ileile lilipokuja? Kwa sababu dishi lilikuja na ruta yake, na ruta hiyo ina jina jipya la mtandao na neno la siri jipya. Simu yako ulipoiambia neno jipya ilikubali. Printa hakuna aliyeiambia. Imebaki inatafuta jina la zamani, usiku na mchana, na haitachoka.

Kwa hiyo njia tunayoipenda kuliko zote ni kutoigusa printa kabisa. Fungua programu ya ruta mpya kwenye simu, ubadilishe jina la mtandao liwe lile la ruta ya zamani, na neno la siri liwe lilelile la zamani. Herufi kubwa ibaki kubwa, ndogo ibaki ndogo, na kama palikuwa na nafasi au kistari, kiwepo. Aina ya ulinzi, yaani namna Wi-Fi inavyofungwa kwa neno la siri, iweke WPA2. Kisha zima ruta ya zamani, zima printa, subiri dakika moja, iwashe. Mara nyingi itaingia yenyewe kana kwamba hakuna kilichobadilika, na pamoja nayo televisheni, kamera na kila kifaa kingine ulichokuwa unaogopa kukipangilia upya. Simu ulizokwisha kuziunga na jina jipya ndizo utakazoziunga tena, na hiyo ni kazi ndogo.

Ikiwa neno la zamani umelisahau, au printa yenyewe ndiyo mpya, itabidi uiunge moja kwa moja. Hapo ndipo penye kikwazo kinachowakwamisha watu wengi.

Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kwa kawaida huyaficha yote chini ya jina moja. Printa nyingi za nyumbani zinasikia gigahezi 2.4 peke yake. Simu yako huenda imeshika 5, na programu ya printa ikiwa inajaribu kuipa printa mtandao ambao simu imeshika, mazungumzo yanavunjika katikati. Unaona duara linazunguka kwenye skrini ya simu, linazunguka, halafu inakuambia ujaribu tena. Kwenye programu ya Starlink ipo sehemu, ndani ya mipangilio ya ruta, ya kutenganisha mawimbi hayo yawe na majina mawili. Yatenganishe, simu iunge na lile la 2.4, halafu anza kuiunga printa. Ikishaingia, simu irudishe kwenye 5 ukitaka. Wateja huuliza kama printa iliyo kwenye 2.4 itaonana na kompyuta iliyo kwenye 5. Itaonana. Ni milango miwili ya nyumba moja.

Mtandao wa wageni ni habari nyingine. Huo umewekwa makusudi ili kifaa kimoja kisikione kingine, kwa hiyo printa usiiweke huko, na kompyuta yako pia isikae huko.

Kuhusu ulinzi: WPA2 ipo tangu 2004, WPA3 ilikuja 2018. Printa iliyotengenezwa kabla ya hapo haiielewi WPA3 na itaukataa mtandao hata ukiandika neno la siri sahihi mara mia. Ukiona inakataa neno unalolijua kwa hakika, angalia hapo kwanza. Na kile kitufe cha WPS, cha kuunga bila kuandika neno la siri, kinachotajwa kwenye karatasi ya maelezo ya printa, kwamba ukibonyeze kwenye ruta kisha kwenye printa ndani ya dakika mbili, usikitafute kwenye ruta ya Starlink. Hakipo. Tumewahi kukuta mtu ameigeuza ruta juu chini akikitafuta.

Kabla ya kuanza, printa ilete karibu na ruta, chumba kimoja ikiwezekana. Utairudisha mahali pake baadaye. Kwenye simu zima data ya kampuni ya simu, washa Bluetooth na huduma ya kuonyesha mahali ulipo, kwa sababu programu nyingi za printa huzitumia hizo kuigundua printa iliyo jirani. Mwenye iPhone aangalie pia ruhusa ya mtandao wa ndani: tangu iOS 14 (mfumo unaoendesha iPhone) ya mwaka 2020, simu huuliza kama programu iruhusiwe kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani, na aliyebonyeza "usiruhusu" kwa haraka atatafuta printa hadi kesho. Kisha rudisha mipangilio ya mtandao ya printa ianze upya. Printa za HP zikisharudishwa husubiri kuungwa kwa saa 2 tu, halafu hufunga mlango. Ukichelewa, irudishe tena.

Kuna kazi moja ambayo ingetupa nusu ya jibu kila tunapopigiwa, na ni wachache wanaoijua. Printa inaweza kuandika yenyewe hali yake kwenye karatasi. Kwenye zenye skrini utaikuta ndani ya menyu ya mtandao, ikiitwa ripoti ya mtandao au jina linalofanana na hilo. Kwenye printa nyingi za HP zisizo na skrini, unabonyeza kitufe cha Wi-Fi na kile cha herufi i kwa pamoja. Inatoka karatasi moja au mbili zilizojaa maandishi. Usiogope wingi wake. Unahitaji mistari miwili tu: jina la mtandao na anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao.

Tuliitwa kwa mama mmoja mshonaji anayefanyia kazi nyumbani. Huprinti michoro ya kukatia nguo, anaziunganisha karatasi kwa gundi, anakata. Dishi lake lilikuwa na wiki moja. Printa ilikuwa juu ya meza ya kukatia, taa yake ya buluu imetulia tuli, haipepesi. Akatuonyesha kwa kidole. "Kitabu chake kinasema taa ikitulia imeungana. Sasa mbona hainijibu? Inanidanganya?"

"Haikudanganyi, mama," tukamwambia. "Hebu tuione imeungana na nani."

Tukatoa ile karatasi. Anwani ya printa ilikuwa 192.168.0.14. Tukafungua simu yake, kwenye maelezo ya Wi-Fi: 192.168.1.37. Tazama ile namba ya tatu, 0 huku na 1 kule. Kwenye mitandao ya nyumbani, namba tatu za mwanzo zikitofautiana maana yake vifaa viko kwenye mitandao miwili isiyojuana. Tukamwuliza kama ruta ya zamani iliondolewa. Akafikiri kidogo, akatupeleka chumbani, nyuma ya kabati. Ruta ya zamani ilikuwa hapo, kwenye umeme, taa zake zinawaka. Mkataba wake wa intaneti ulikwisha, lakini ruta haikuambiwa ilale. Ilikuwa bado inarusha jina lake, na printa, kwa uaminifu wote, ilikuwa imeshikamana nayo. Tulipochomoa waya, taa ya buluu kule mezani ikaanza kupepesa papo hapo. Mama akaguna, akaketi. Dakika kumi baadaye mchoro wa mkono wa gauni ulikuwa unatoka.

Kwa hiyo karatasi hiyo isome hivi. Jina la mtandao likiwa la zamani, unajua la kufanya. Anwani ikianza na 169.254, printa haikupewa anwani na ruta, ikajipachikia yake. Mara nyingi kuzima ruta na printa kisha kuwasha ruta kwanza kunatosha. Namba tatu za mwanzo zikiwa tofauti na za simu, nyumba ina ruta mbili na kila moja inagawa anwani zake. Hilo huwakuta hasa wale walioamua kuweka ruta yao nzuri nyuma ya ile ya Starlink. Hakuna ubaya kuwa na ruta yako, ila ya Starlink iambie ikae kando: programu yake ina hali ya kuipita (Bypass Mode), ambayo huzima Wi-Fi yake na kuiachia ruta yako kazi yote. Ukishaiwasha, vifaa vyote vinakaa upande mmoja.

Karatasi ikionyesha kila kitu ni sawa lakini kompyuta bado inang'ang'ania kwamba printa iko nje ya mtandao, sasa mwenye kosa ni kompyuta. Imeikumbuka printa kwa anwani ya zamani. Iondoe printa kwenye orodha, uiongeze upya, na ukipewa nafasi ya kuandika anwani, andika ile iliyo kwenye karatasi. Kwenye Windows angalia pia kama mtandao mpya umewekwa kuwa wa umma. Kompyuta ikidhani iko mahali pa watu wengi hujificha na kutoviona vifaa vingine, kwa hiyo ubadilishe uwe wa binafsi. VPN ya kazini, ile programu inayoipitisha kompyuta yako kwenye mtandao wa ofisi, nayo huzuia, izime, ujaribu. Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. AirPrint, huduma ya Apple ya kuprinti bila waya, ipo tangu 2010, na simu za Android zina huduma ya kuprinti ndani yake, na zote huitafuta printa kwa jina lake, hivyo anwani ikibadilika kesho hazipotezi njia.

Wapo wanaotaka kuprinti nyumbani wakiwa mbali. Kufungua mlango kwenye ruta ili uifikie printa kutoka nje hakutafanya kazi kwenye mipango ya kawaida ya Starlink, kwa sababu anwani ya nje huchangiwa na wateja wengi. Na hata ingewezekana tusingekushauri: printa iliyo wazi kwa dunia nzima ni hatari. Tumia barua pepe ya printa kama kampuni yake inayo, maana hapo printa yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuchukua waraka. Maelezo ya printa za zamani yanayotaja Google Cloud Print, huduma ya Google ya kuprinti kupitia intaneti, yaache. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020.

Na kama printa inakaa karibu na ruta, kwa nini uhangaike na mawimbi? Kebo ya mtandao haisahau neno la siri. Ruta ya Starlink ya kizazi cha 3 ina matundu mawili ya kebo; ile ya kizazi cha 2 haina hata moja, na inahitaji kifaa cha ziada. Printa yenye tundu la kebo tunaiunga kwa waya kila inapowezekana, hasa kwa mtu anayeprinti kila siku kwa riziki yake.

Ukifika hapa na bado imekataa, tupigie, usisite. Ila kabla ya kupiga, toa ile karatasi ya hali ya mtandao, ipige picha, na upige picha ya ukurasa wa Wi-Fi kwenye simu yako unaoonyesha anwani. Ututumie zote mbili pamoja na namba ya toleo la printa, ambayo iko kwenye kibandiko nyuma au chini ya kifuniko cha wino. Huenda tukakutatulia ukiwa umeketi hapohapo, bila fundi kutoka.