Mama, jana nimepanda mlima wa mababu wa Wavietnam

Assalaam alaykum mama, shikamoo. Baba na bibi nao shikamooni sana. Mimi huku Hanoi mzima kabisa, mitihani imeisha na ile homa imeondoka, msiwe na wasiwasi.

Leo naandika kirefu kwa sababu hiki ninachotaka kusema kwa simu kitakatika katikati. Jana nilienda Đền Hùng. Ni mahekalu ya zamani yako juu ya mlima unaitwa Nghĩa Lĩnh, mkoa wa Phú Thọ, kama kilomita 90 hivi kutoka hapa, ndo wanapowakumbuka wafalme wa Hùng ambao wanasema walianzisha nchi yao. Ilikuwa tarehe kumi mwezi wa tatu kwa hesabu yao ya mwezi (wanafuata mwezi kama sisi tunavyoungojea wa Ramadhani), na tangu 2007 siku hiyo nchi nzima ni mapumziko. Rafiki yangu wa chuo alinichukua pamoja na mama yake, tukapanda basi alfajiri bado giza.

Mama, watu! Kuanzia getini ni bega kwa bega, na ngazi za mawe mpaka juu ni karibu 500. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja mgongo umepinda, mkono huu fungu la udi, kiwikoni kaning'iniza mfuko wa plastiki una chana ya ndizi na maua ya njano, akipanda ngazi kadhaa anasimama anahema, halafu anaanza tena. Nikampa mkono akaushika bila hata kuniangalia, kiganja kikavu, kigumu, kama cha bibi akitoka shamba, na hakuniachia mpaka tumefika hekalu la kwanza. Hatukuelewana hata neno moja lakini tulipanda pamoja.

Hapo hekalu la chini ndo wanasema Âu Cơ alijifungulia. Hadithi yenyewe ni hivi, Lạc Long Quân alikuwa wa ukoo wa majoka ya majini, akamuoa Âu Cơ ambaye ni kama malaika wa milimani, wakapata mfuko wa mayai 100 na yakatoka watoto wa kiume 100. Ila huyu wa maji na yule wa mlima kukaa pamoja ikashindikana, wakagawana, watoto 50 wakaenda na mama milimani, 50 wakashuka na baba baharini, na mkubwa wao ndo akawa mfalme Hùng wa kwanza, wakafuatana vizazi 18. Sasa mpaka leo Mvietnam akiwaita wananchi wenzake anasema đồng bào, maana yake waliotoka mfuko mmoja. Nikamwambia rafiki yangu mbona hata kwetu tunasema ndugu wa tumbo moja! Mama yake alipotafsiriwa alinishika mkono akacheka kwa furaha.

Nikamkumbuka sana Mbegha wetu, jinsi bibi alivyokuwa anatuhadithia jikoni, yule mwindaji aliyetoka Nguu na mbwa wake akawagawia Wasambaa nyama, akaua simba, wakampa utawala. Ila wao hadithi yao imepewa siku yake na mlima wake, na mwaka 2012 UNESCO waliiweka ibada hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ya Mbegha pale nyumbani inamngoja bibi awe na nguvu.

Najua utauliza mama, hapana, sikuchoma udi wala kuinama, nilisimama pembeni kwa adabu, moyoni nikamsomea babu Fatiha. Na chakula nilichunga. Wana bánh chưng, mchele wa kunata umefungwa kwenye majani umbo la mraba, ndani unawekwa nyama ya nguruwe, huo sikugusa, nikala ule wa duara, bánh giầy, mchele mtupu umetwangwa mpaka ukawa laini. Wanasema mtoto wa mfalme aliyekuwa maskini kuliko ndugu zake alipika hivyo viwili, mraba ni ardhi na duara ni mbingu, akampelekea baba yake, wenzake walileta vyakula vya thamani lakini yeye ndo akarithishwa kiti. Hiyo niliipenda mno.

Sasa wakati tunakula yule mama akaniuliza, mababu zako wanaitwa nani? Kwao wana daftari la ukoo, majina yameandikwa kizazi kwa kizazi. Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikamtaja baba yake babu, basi, nikaishia hapo. Akaningoja niendelee mama. Niliumia, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria hilo tu.

Kwa hiyo nakuomba, baada ya alasiri bibi akiwa ametulia barazani, kaa naye umrekodi kwa simu. Akutajie majina yote anayoyakumbuka, na ya wanawake pia, mama yake na bibi yake, na makaburi yao yako wapi, lipi chini ya mti gani. Akirudia rudia msimkatishe. Simu ikijaa mwambie mdogo wangu afute zile video zake. Nimenunua daftari lenye jalada jekundu, kurasa za mwanzo nimeziacha wazi.

Mwanao, Hanoi