Barua ya wazi kwa vijana wanaofundisha historia

Wanangu walimu,

Nawasalimu, na poleni na kazi. Naona Waskithia mnawapitia mbio: wafugaji wa farasi kaskazini mwa Bahari Nyeusi, Wagiriki waliwaita washenzi, basi, ubao unafutwa. Tulieni hapo kidogo.

Dharau ilikuwepo, sikatai. Mskithia alikunywa mvinyo bila kuuzimua kwa maji, na kwa Mgiriki huo ulikuwa ukosefu wa adabu. Wasparta walidai mfalme wao Kleomenes alirukwa na akili kwa kuiga unywaji huo. Mwaka 411 KK, Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha wa Athens, alimpandisha jukwaani askari Mskithia anayeboronga Kigiriki, watu wacheke. Na askari wa aina hiyo, watumwa wa mji wenye pinde, ndio waliolinda amani Athens na kumshusha mkorofi mkutanoni!

Mkiwa na kipindi kimoja tu, chukueni kitabu cha nne cha Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, kisa cha Skyles, mfalme wa Waskithia. Mama yake, Mgiriki wa Istros, alimfundisha kusema na kusoma Kigiriki. Alipotawala, moyo ukabaki kwa wajomba. Kila akifika Olbia, mji wa Wagiriki, jeshi analiacha nje ya kuta, malango yanafungwa, anavua nguo za kwao na kuvaa za Kigiriki. Hukaa mwezi mzima, pengine zaidi. Alijenga humo jumba lililozungukwa na sanamu za marumaru nyeupe, akaoa na mke. Kisha akaingia katika ibada ya Dionysos, mungu wa mvinyo. Mwenyeji mmoja, kwa kejeli, akawapandisha wakuu wa Waskithia mnarani kwa siri, nao wakamwona mfalme wao akipita na kundi la waabudu, amepandwa na mungu huyo. Watu wake wakaasi. Akakimbilia Thrakia, nchi jirani, akarudishwa, na nduguye Oktamasades akamkata kichwa.

Sasa waulizeni wanafunzi nani hapo anamdharau nani. Waskithia walisema haiingii akilini kumtafuta mungu anayewatia watu wazimu. Hiyo nayo ni hukumu, tena ameiandika Mgiriki mwenyewe.

Wapo kati yenu wanaotaka Herodotus atupwe kama mzushi. Msifanye hivyo. Aliandika kwamba Waskithia walitengeneza podo, mifuko ya mishale, kwa ngozi ya maadui. Mwaka 2023 vipimo vya ngozi kutoka makaburi ya kusini mwa Ukraine vilichapishwa, na vipande viwili vikawa vya binadamu. Mengine yake yana chumvi, ila mwacheni aseme, kisha mbaneni kwa maswali kama shahidi yeyote.

Kwa kazi ya nyumbani, waandike kisa cha Skyles kama ambavyo angekisimulia mmoja wa wale wakuu wa mnarani aliporudi kambini.

Wenu,
Mwalimu mstaafu