Kusugua kioo cha mita: kwa nini bei inapanda ukishajaribu mwenyewe

Kuna mteja kaondoka hapa gereji kwetu amenuna, anasema tumempiga. Kilichomuuma ni bei ya kung'arisha kile kifuniko cha plastiki kinachokaa mbele ya spidomita, akasema "hela yote hiyo ya kusugua kiplastiki?" Na sio wa kwanza, hii lawama inarudi kila mara, kwa hiyo leo naieleza yote mpaka mwisho ili ukija tuongee lugha moja.

Kwanza kabisa, hicho tunachokiita kioo cha mita sio kioo. Ni plastiki, mara nyingi akriliki au polikaboneti, laini kuliko kioo cha dirisha mara nyingi sana. Vumbi lenyewe lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko hiyo plastiki, ndo maana ukipangusa na kitambaa kikavu unakuwa kama unapiga msasa bila kujijua. Mikwaruzo mingi tunayoiona hapa haikutokana na funguo wala ajali, imetokana na usafi! Mtu anaosha gari vizuri, halafu kitambaa kilekile kilichofuta milango na matope kinamalizia ndani kwenye dashibodi. Mchana huoni kitu, ila jua likipiga kwa ubavu au usiku taa za mita zikiwaka unaona mizunguko kama utando wa buibui na namba husomi vizuri.

Sasa mikwaruzo ya namna hiyo, myepesi, ambayo ukipitisha ukucha haukwami, ni kazi ndogo na bei yake ni ndogo. Tunaosha na maji yenye sabuni kidogo, tunakausha kwa kugusisha sio kusugua, tunaweka polishi ya plastiki kwa kitambaa cha maikrofaiba kisafi, basi. Mtu akija mapema hivyo hatugombani naye kabisa.

Ugomvi unaanza kwa yule aliyepitia kwanza dawa ya meno. Najua inasemwa kila mahali kwamba inafanya kazi, na sikatai, mkwaruzo mwepesi sana unaweza ukapungua kwa sababu dawa ya meno ina unga wa kusugua ndani yake. Shida ni kwamba huo unga umetengenezwa kwa ajili ya meno, na mtu anasugua pale tu anapouona mkwaruzo, kwa kidole, kwa nguvu, matokeo yake anatengeneza kidimbwi, yaani pale pamebonyea. Ukitazama namba kupitia hapo zinapinda. Kukiondoa hicho kidimbwi inabidi nishushe uso mzima wa kioo ulingane nacho, kwa hiyo mkwaruzo mmoja umegeuka kazi ya kioo kizima. Halafu ile dawa inaingia kwenye kingo na kukauka nyeupe, hiyo haitoki mpaka kioo kifunguliwe.

Wengine wanatumia vifaa vya kung'arisha taa za mbele, wanadhani plastiki ni plastiki. Msasa wa kuanzia kwenye vile vifaa mara nyingi ni mkali, kwa sababu kazi yake ni kuvua tabaka lililounguzwa na jua, na kwenye mita hakuna kitu kama hicho cha kuvua. Unaacha mifereji tu. Kuna mmoja alimalizia na vanishi ya kupuliza ili ing'ae, ikala akriliki ikawa kama ina mvuke kwa ndani. Tulijaribu sana, ila kile kioo kilikuwa kimeisha.

Lakini kinachoniuma zaidi ni thina, petroli na dawa za kusafishia vioo zenye amonia. Mtu ana gundi ya stika imebaki kwenye kioo anachovya kitambaa kwenye petroli, inatoka kweli, anafurahi, baadaye anaona vinyufa vidogovidogo vinang'aa vikianzia kwenye kona na karibu na vishikizo. Hata spiriti inaweza kufanya hivyo kwa akriliki. Vile vinyufa vimeingia ndani ya plastiki, haviko juu, sina msasa wala polishi ya kuvitoa. Mwambie mtu hivyo anaona unamkwepa au unataka kumuuzia kioo kipya. Hapana, nakwambia hivyo ili nisichukue hela yako ya bure.

Gundi ya supa nayo ina mambo yake. Kishikizo kimekatika mtu anakigundisha na kufunga kila kitu hapohapo, mvuke wa gundi unatua kwa ndani na kuacha ukungu mweupe. Ukungu wa ndani huwezi kuufuta kwa nje hata usugue siku nzima, lazima ufungue.

Na kufungua ndio sehemu ambayo mteja haioni kwenye bei. Kuna gari kioo kinatoka kirahisi, kuna gari inabidi utoe urembo wa dashibodi, ushushe usukani, uchomoe mita nzima na soketi zake. Betri tunaitoa waya na tunasubiri kidogo kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, kwa sababu eabegi iko pale na sio kitu cha kuchezea. Kioo kikishatoka mishale imebaki wazi, ukiigusa au ukiivuta kidogo tu mita inaanza kudanganya, spidi inasoma sivyo, mafuta yanasoma sivyo. Tuliletewa gari ambalo mshale ulikuwa umeng'olewa na kurudishwa kwa kukisia, mwenyewe alikuwa anaendesha na spidi ambayo sio. Huyo alikuwa anatafuta kuokoa hela ya kufunguliwa kioo.

Tukishafungua ndo msasa wa maji unaingia kama mkwaruzo una kina. Namba ya msasa ikiwa kubwa ndo msasa ni laini; tunaanza na laini kuliko zote inayoweza kuutoa, mara nyingi 1500, ukiwa mbaya sana tunarudi 1000 au 800, halafu tunapanda 2000 mpaka 3000. Kila namba tunasugua kwa mwelekeo tofauti na ile iliyotangulia ili tuone kama alama za nyuma zimeisha zote, na kati ya namba na namba tunaosha kioo na kubadilisha maji. Ukiruka hatua moja kinang'aa vizuri ndani ya gereji, ukitoka nje juani mistari yote ile pale. Polishi tunaweka kwa mkono au kwa mashine ya mwendo mdogo, maana plastiki ikipata joto inalainika na kuvutika. Fundi anayetumia drili kwa kasi atamaliza haraka kuliko mimi na bei yake itakuwa chini, sawa, ila ukitazama kioo kwa ubavu utaona mawimbi.

Kuna vioo ambavyo nakataa. Vingi vya siku hizi vina tabaka la kuzuia mng'ao, ukipolishi unalivua na panabaki baka linalometameta katikati ya sehemu iliyofifia, hapo nakushauri ubadilishe au uvumilie. Mita ambayo yote ni skrini, na kioo kimegandishwa kwenye skrini yenyewe, siweki msasa hata ukinibembeleza.

Na ile dawa ya kung'arisha dashibodi yenye mafuta mafuta, tafadhali isifike kwenye kioo. Inaziba mikwaruzo siku mbili tatu unadhani imepona, halafu inashika vumbi, na vumbi hilo ndilo utakalolisugua tena.

Ukitaka bei bila kuja, tupigie picha mbili ututumie: moja mchana kwa mbele, nyingine usiku na tochi ya simu ikimulika kwa ubavu. Tuandikie pia ulichopaka, hata kama ni petroli, hatutakusema, ila inabadilisha kabisa kazi yenyewe. Na siku unayoleta gari usikifute kwanza kile kioo ili kionekane kisafi, kilete na vumbi lake.