Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Konokono wa Vilindi vya Bahari na Kibandiko Chake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji naleta mbele yenu taarifa ya mwaka unaoisha. Mambo ya kawaida nitayapitia upesi, kwani mwaka huu tumepata jambo ambalo chama cha wakusanyaji wa makombe hulipata kwa nadra: konokono aliyelala kwenye droo zetu miaka mingi ametambuliwa kuwa spishi mpya, na maelezo yake yamechapishwa.

Wengi wenu mnamjua kwa sura. Ni wale watatu wa droo ya Buccinum, jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu) ya konokono wa baharini, wenye ganda jembamba la rangi ya chaki na utando wa kahawia unaobanduka. Tulikuwa tukiwaita Buccinum undatum, yule wa kawaida aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, tukidhani kwamba kina ndicho kilichowadumaza. Kukosea huko hakushangazi. Makombe ya jenasi hii hutofautiana sana hata ndani ya spishi moja, na majina mengi ya zamani yaliyotolewa kwa kutazama ganda peke yake yalikuja kufutwa. Ndiyo maana mtafiti aliyewaazima hakuridhika na ganda. Alipima kifuniko cha mlango wa ganda, akachomoa radula, ule utepe wa mdomoni wenye meno matatu katika kila safu, akahesabu ncha za kila jino kwa darubini ya elektroni, kisha akalinganisha vinasaba na vya konokono wabichi waliopandishwa na meli ya utafiti. Hapo ndipo ilipobainika kuwa huyu ana ukoo wake.

Mwanachama mmoja aliniuliza inakuwaje wanyama wanaofanana hivi wawe spishi mbalimbali. Jibu liko kwenye uzazi wao. Jike hutaga mayai ndani ya vifuko. Watoto wachache hukua humo humo kwa kula mayai wenzao, na wakitoka huwa tayari konokono wadogo wa kutambaa. Hawana kipindi cha kuelea na mkondo kama watoto wa makombe mengine mengi. Anayezaliwa kwenye mteremko fulani wa sakafu ya bahari hafiki mbali, na bonde moja lenye kina linaweza kutenga koo mbili kwa vizazi na vizazi. Wengi huishi kwenye maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, lakini Buccinum thermophilum, aliyeelezwa mwaka 2002, hukaa kando ya chemchemi za moto za Juan de Fuca, safu ya milima ya chini ya bahari kaskazini-mashariki mwa Pasifiki. Jenasi ni moja, na makazi yametofautiana namna hiyo!

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike taarifa hii kwa mkono wangu badala ya kumwachia Katibu. Kati ya makombe yetu matatu, moja tu ndilo limeingia kwenye maelezo rasmi kama parataipu, yaani kielelezo kinachotajwa pamoja na kile kikuu cha spishi. Hilo lilikuwa na kibandiko cha marehemu Katibu wetu wa kwanza: tarehe, latitudo na longitudo, kina kwa mita, aina ya wavu, na maneno "tope laini la kijivu". Aliandika kwa penseli, maana wino hufifia. Ndani ya ganda aliacha kipande cha nyama iliyokauka, na ndicho kilichotoa vinasaba. Mungu amrehemu.

Mawili yaliyobaki niliyatoa mimi. Nilipewa na mabaharia wa meli ya kukokota nyavu, nikayachemsha, nikatupa nyama, nikayapaka mafuta yang'ae, na kwenye karatasi nikaandika neno moja: "kilindini". Mtafiti ameyarudisha kwa upole, akisema hayawezi kuthibitisha lolote. Nimelijutia jambo hili mwaka mzima.

Kwa hiyo Kamati imeamua kwamba kombe lisilo na mahali, kina na tarehe halitaingia tena kwenye mkusanyo mkuu, hata likiwa zuri namna gani. Nyama ihifadhiwe kwenye alkoholi, si formalini, kwa sababu formalini huharibu vinasaba. Kikundi cha wanachama wanane kimeanza kunakili vibandiko vya zamani, na ninawashukuru sana. Pia tumeondoa droo zote za mbao. Kombe mojawapo kati ya yale matatu lilikuwa limeota unga mweupe, kile kinachoitwa ugonjwa wa Byne, ambao kwa kweli si ugonjwa: mvuke wa asidi utokao kwenye mbao hula chokaa. Ganda la kilindini ni jembamba tayari, kwa kuwa maji ya baridi na yenye mgandamizo mkubwa huyeyusha chokaa kwa urahisi. Halihitaji kuliwa tena likiwa kabatini.

Hesabu za fedha zimekaguliwa, na Mweka Hazina atazisoma. Nafasi ya Katibu Msaidizi iko wazi, fomu zipo.

Siku ya Mkutano Mkuu, kila aliye na makombe aliyopewa na mabaharia au wavuvi aje nayo pamoja na chochote anachokumbuka: jina la chombo, msimu, kina walichotaja. Tutakaa meza moja na kuandika wakati kumbukumbu bado zipo. Penseli zitakuwepo.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti