Ule mlio wa barabara ya Pangani

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Kaka Seif,

Assalaam aleykum warahmatullah. Habari za Maskati? Shemeji hajambo, watoto hawajambo? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Mama Mdogo magoti yanamsumbua, ila sauti yake ni ileile, anakusalimu sana. Kombo naye amehamia Muheza, hilo nitakueleza siku nyingine.

Nisamehe kwa kimya tangu msiba. Nakuandikia kwa jambo moja, na naomba unijibu kabla ya Ijumaa. Siku ile ya mwisho uliporudi na Baba Mdogo kutoka Pangani, ule mlio wa injini ulitoka juu au chini?

Najua imepita miaka zaidi ya 25. Lakini gari lenyewe, ile Datsun 240Z ya Baba Mdogo, ni la watu wawili, mimi nikarudi kwa basi, na Baba Mdogo hayupo tena wa kumwuliza. Umebaki wewe peke yako uliyekaa kwenye kile kiti ukausikia. Mimi nilikuta gari limeshafunikwa turubai, na mzee akasema tu, "Imeanza kugonga, tuiache ipumzike." Ikapumzika mpaka kuku wakataga mle ndani.

Seif, ungeiona sasa ninavyoifufua! Bodi imetutoa jasho, si unajua hewa ya bahari ya hapa kwetu. Sakafu upande wa dereva ilikuwa inamenyeka kama ganda la kitunguu, tumekata na kuchomelea bati jipya. Rangi bado, na sina haraka nayo. Moyo wangu wote uko chini ya boneti.

Nilipofungua plagi zote sita, injini ilikuwa imeshika kabisa. Sikuilazimisha. Nilimimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi kwenye kila silinda, nikaiacha siku tisa. Kila jioni baada ya Magharibi naweka spana kwenye boliti ya kransha, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, nasukuma kidogo, naacha. Siku ya kumi ikasogea, pengine upana wa kidole. Nikairudisha nyuma, nikaisogeza tena, mpaka ikazunguka mzunguko mzima, laini, na ile dizeli chafu ikatoka kwenye matundu ya plagi ikanirukia kifuani. Nilikaa chini pale pale nikalia. Mwinyi alidhani nimejiumiza.

Tangi tumelishusha. Petroli ya zamani imegeuka kama gundi, inanuka rangi iliyooza, imebidi lioshwe mara nne. Paipu za mafuta zote mpya. Zile kabureta mbili za Hitachi nimezifungua moja moja, nikaweka oili nyepesi kwenye vikombe vya juu, sasa pistoni zake zinashuka taratibu na kugota chini kwa mlio safi. Ila valvu ndogo za sindano, zile za kufunga mafuta bakuli likijaa, zimekwisha. Nikiwasha hivi mafuta yatamwagika juu ya ekzosi, na moto hauna simile. Hizo ndizo nakuomba unitafutie huko, mbili tu. Na kama utapata oili yenye zinki ya kutosha, ile ya injini za zamani, niwekee galoni. Oili nyingi za siku hizi zinki imepunguzwa, na kamshafti ya injini hii, shafti ya kufungulia valvu, inasuguana moja kwa moja na roka, vile vyuma vinavyozisukuma.

Kisha oili yenyewe ikanikosesha usingizi. Nilipiga stata bila plagi, sekunde kumi, nikapumzisha, tena kumi, tena kumi. Ile geji ya dashibodi yenye joto upande mmoja na oili upande mwingine, mshale haukutikisika. Pampu ilikuwa imekauka, haivuti. Nikaishusha, nikaijaza vaselini ili ishike mvuto, nikairudisha. Na hapo ndipo mafundi wengi hukosea, maana shafti ya pampu ndiyo hiyo hiyo inayozungusha distribyuta, kile kigawa moto wa plagi. Pistoni namba moja iwe juu kabisa imebana, halafu ukichungulia kwenye tundu la distribyuta, ule ulimi wa shafti ulale kama mishale ya saa tano na dakika 25, nusu ndogo ikitazama mbele. Ukikosea jino moja tu, taimingi yote imekwenda na maji. Mara ya tatu ndiyo ulikaa sawa. Nikapiga stata, moja, mbili, tatu… mshale ukanyanyuka! Polepole, kama mtu anayeamka usingizini.

Kwa hiyo kilichobaki ni plagi sita, nyaya kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, betri na ufunguo. Hizo valvu za sindano zikifika, sina tena kisingizio. Na ndipo narudi kwenye ule mlio.

Nilipopima nafasi za valvu, injini ikiwa baridi, za kuingiza zinatakiwa 0.20 milimita na za moshi 0.25. Mbili za moshi, ya silinda ya nne na ya tano, fila, ile bati nyembamba ya kupimia, ya 0.40 ilipita bila hata kukwaruza, maana yake zimelegea. Nikafurahi, nikasema huo ndio mlio, ni valvu tu za juu. Lakini oili ya zamani nilipoipaka kwenye kitambaa cheupe na kukiinamisha juani, niliona chembe zinameta. Chache, ila zipo. Mwinyi anasema ni za cheni, tuwashe. Mimi naogopa ni za chini, beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kransha. Ikiwa ni hizo nikawasha, itagonga dakika tano, kransha ichimbike, au konrodi itoboe bloku. Injini nyingine kama hii naipata wapi, Seif?

Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia barazani, 1971 Herrmann na Schüller wakishinda Safari Rally kwa gari hilihili, 240Z, halafu 1973 Mehta na Drews? Mehta akilingana pointi na Källström, akapewa ushindi kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kuokota adhabu. Mzee akifika hapo alikuwa anasimama wima. Gari la mtu wa namna ile siwezi kuliua kwa pupa yangu.

Kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikague beringi ni kuinyanyua injini upya, kazi ya wiki mbili na zaidi. Nitaifanya, wala sioni uvivu, ila kwanza nataka neno lako. Ufunguo anao Mama Mdogo, ameufunga kwenye pindo la kanga, anasema hautoi mpaka Seif ajibu. Kila asubuhi ananiuliza litanguruma lini.

Basi niambie. Mlio ulikuwa mwembamba, tik-tik-tik kama cherehani, au mzito, wa kusikika miguuni? Alipokanyaga mafuta uliongezeka? Mlipopanda kilima je? Injini ilipopata moto ulizidi au ulipungua? Mzee alitazama geji ya oili? Alisema neno lolote? Alizima mwenyewe mlipofika, au ilizima njiani? Na wewe unakuja baada ya Idi kama ulivyoahidi, au nisikungoje?

Ukishindwa kuueleza kwa maandishi, nirekodie kwa mdomo, utoe mlio wenyewe kama ulivyousikia. Nitaelewa.

Wasalaam,
nduguyo,
Hamza