Fort Ord: kulinda bwawa pekee hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la ujenzi katika iliyokuwa kambi ya jeshi ya Fort Ord, California, iliyofungwa mwaka 1994. Mamlaka iliyosimamia matumizi mapya ya ardhi hiyo ilivunjwa Juni 2020, kabla mpango wa pamoja wa kuhifadhi makazi ya viumbe adimu haujakamilika. Hatari iliyopo ni kila mji kujiamulia kivyake, mradi mmoja mmoja.

Viumbe hawaishi hivyo. Yupo salamanda, kiumbe wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi, mweusi mwenye mabaka ya njano, anayelindwa kisheria. Hutaga mayai kwenye mabwawa ya msimu wa mvua, lakini sehemu kubwa ya maisha yake hukaa nchi kavu, ndani ya mashimo yaliyochimbwa na kindi wa ardhini, pengine zaidi ya kilomita moja kutoka majini. Ukihifadhi bwawa ukapitisha barabara kando yake, unamwangamiza bila kugusa tone la maji, na hilo linaniuma.

Nazisihi serikali za mitaa zikamilishe mpango mmoja, zitenge mapito ya viumbe kabla ya kutoa vibali, na ziwatoze wajenzi gharama za matunzo ya kudumu.

Msomaji wako