Barua kwa mwanangu: ugali wa muhogo na mzunguko wa Krebs

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifika na nyumbani hatujambo. Bibi yako anakusalimu sana, anauliza kama huko Tabora mnaonja dagaa au ni maharage mwezi mzima.

Umeniandikia kwamba metaboli, yaani jinsi mwili unavyovunja chakula na kujenga vitu, imekushinda, na mzunguko wa Krebs, ule mzunguko wa hatua za kemia ndani ya seli, unaukariri usiku, asubuhi umeyeyuka. Sikushangai. Nimeufundisha miaka mingi, na wanafunzi wengi wanaingizwa katikati ya safari bila kuonyeshwa inakoelekea. Simu hamruhusiwi, basi nakueleza kwa kalamu, na nitaanzia kwenye sahani ya hapa kwetu: ugali wa muhogo, dagaa, mawese.

Ugali ni wanga, yaani glukosi nyingi zilizoshikana mnyororo mrefu. Dagaa wana protini, iliyojengwa kwa asidi amino. Ziko aina 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, ni lazima uzile. Mawese ni mafuta, na asidi iliyo nyingi kuliko zote humo ni palmitiki, yenye kaboni 16. Kundi la nne, asidi nukleiki, watu hulisahau kwa sababu halina chakula chake maalumu, lakini kila seli ya dagaa ina DNA na unaitafuna pia. ATP yenyewe, molekuli inayobeba nishati ya kutumika ndani ya seli, ni ya ukoo huohuo: adenini, sukari ya ribosi, na fosfeti tatu.

Usidhani vyote hivyo huchomwa. Asidi amino za dagaa nyingi zinakwenda kujenga hemoglobini, misuli, vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini), hata nywele unazosuka. Kuvunja na kujenga vinakwenda pamoja saa zote, hata ukiwa umelala.

Sasa fuata glukosi. Nje ya mitokondria, vile vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli, inakatwa kwa hatua 10, oksijeni haihitajiki, na unabaki na pairuveti mbili zenye kaboni tatu kila moja. Faida ni ATP 2 tu. Pairuveti ikiingia mitokondria inatoa kaboni moja, zinabaki mbili, ndiyo asetili-CoA. Hapa weka alama nyekundu kwenye daftari lako, maana ndipo njia zinapokutana. Asidi palmitiki ya mawese nayo hukatwa kaboni mbili mbili, ikatoa asetili-CoA nane. Asidi amino zilizozidi, baadhi huingilia hapohapo, nyingine mbele kidogo. Asetili-CoA ndiyo inayoingia kwenye mzunguko wa Krebs, nao hauulizi kilicholetwa kilikuwa ugali au mafuta.

Huyo Hans Krebs alikuwa Mjerumani aliyefukuzwa kazi na Manazi mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi, akakimbilia Uingereza. Mwaka 1937 aliufumbua mzunguko huu kwa kutumia nyama ya kidari cha njiwa iliyosagwa. Jarida la Nature likamrudishia makala yake, akaipeleka kwingine, na mwaka 1953 akapata Nobel.

Kinachofanyika ndani ya mzunguko huo ni kunyang'anya. Kaboni zinatoka kama kaboni dayoksaidi, kwa hiyo sehemu ya ugali wa jana unaitoa puani leo. Elektroni zinachukuliwa na wabebaji wawili, NAD na FAD, ambao mwili huwaunda kutokana na vitamini B3 na B2, na kupelekwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Pale zinapokezanwa mpaka mwisho wa mstari, ambako oksijeni inazipokea na kuwa maji. Njiani zinasukuma protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya) upande mmoja wa utando, na protoni zinaporudi ndipo ATP nyingi inapotengenezwa. Oksijeni unayovuta, kazi yake kubwa ni hiyo ya kupokea mwishoni.

Ukitaka kuona uzito wa hatua hiyo, mwangalie bibi yako na muhogo mchungu. Anaumenya, anauloweka kwenye pipa siku tatu au nne, anaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ulegee, anachomoa ule uzi wa katikati, ndipo anauanika. Muhogo una linamarini, kemikali iliyoficha sumu ya sianidi ndani yake, na kimeng'enya cha kuivunja kimetengwa nayo ndani ya mmea. Muhogo ukilainika vinakutana, sianidi inaachiliwa. Nyingine inaondoka na maji, nyingine inaruka hewani, kwa sababu huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, na jua la Kigoma unalijua. Ikibaki ukaila, inakwenda kukaa kwenye kimeng'enya cha mwisho wa ule mstari wa elektroni, mahali pa oksijeni. Damu inakuwa na oksijeni tele lakini seli haziwezi kuitumia. Elektroni zinasimama, NAD haipati pa kushusha mzigo, na mzunguko wote wa Krebs unakwama nyuma yake.

Kidogo kinachobaki mwili hukigeuza kuwa thayosayaneti, isiyo na sumu kali kama sianidi, na kukitoa kwa mkojo, ila unahitaji salfa, nayo inatoka kwenye asidi amino za methionini na sisteini. Dagaa wanazo. Mahali ambapo ukame na njaa vimefanya watu waharakishe muhogo, na kitoweo hakuna, ndipo ugonjwa wa konzo umepiga miguu ya watoto na kina mama ikapooza. Umetokea Kongo, na miaka ya 1980 ulitokea hata kwetu Tanzania, Tarime.

Kuhusu swali lako la hesabu: vitabu vya zamani vinasema glukosi moja inatoa ATP 36 au 38. Hesabu ya sasa ni 30 mpaka 32, kwa kuwa kuna protoni zinazovuja na nyingine zinazotumika kusafirisha vitu kupita utando. Kwenye mtihani fuata kitabu anachotumia mwalimu wenu, ila muulize kwa adabu.

Dagaa na chupa ya mawese vinakuja na treni. Mawese usiyachome mpaka yawe meupe, utaua karotini yote.

Ni mimi mama yako